Batuli Aliyeishona Dari ya Gari

Dari ya gari la Jaffer ilimwangukia bibi arusi kwenye uwanja wa kanisa, upande wa Ogembo, umati wote ukitazama. Jaffer mwenyewe alikuwa ameshashuka, amevaa koti lake la harusi, mkono uko kwenye kitasa cha mlango wa nyuma ili amfungulie msichana wa watu. Akasikia mchaniko. Kitambaa cha dari kiliachia upande wa nyuma, kikaja chini polepole kama mtu anayejilaza, halafu kikadondoka chote kwa mkupuo. Kilishuka na vumbi la miaka, na ukungu mweusi, na makoko ya gundi ya unga ambayo Jaffer alikuwa amekipaka juma lililotangulia, na mende. Bibi arusi alitoka garini akikohoa, shela lake limegeuka rangi ya jivu. Mama mmoja aliyekuwa ameanza kupiga kigelegele kabla ya kuona vizuri alikikatiza katikati.

Jaffer hakungoja chakula. Aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia, akaendesha peke yake hadi Kisii huku kitambaa kikimpigapiga kisogoni njia nzima. Alilisimamisha gari nyuma ya nyumba, akaingia chumbani, akaketi kitandani na viatu vyake. Mkewe Batuli alimkuta hivyo.

"Nauza," Jaffer alisema. "Kesho asubuhi nalipeleka kwa yule mwenye kinu cha mahindi. Alishaniuliza."

"Kuna nini, Baba Dahabo?"

Akamweleza. Alipofika kwenye mende, Batuli alitaka kucheka, lakini aliuona uso wa mumewe akajizuia. Jaffer alikuwa mtu wa fahari ndogo ndogo. Alipenda viatu vinavyong'aa, na alipenda watu wasogee kando ya barabara wakisema, "Huyo ni Jaffer, anapeleka bibi arusi." Hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na gari hilo jeusi la Kiingereza, alilolipata likiwa limeshachoka, na injini yake aliitunza kama mtoto mchanga. Lakini mambo ya vitambaa hakuyajua.

"Usiuze kesho," Batuli alisema. "Niache kwanza nilitazame."

"Utatazama nini? Wewe unashona magauni."

"Basi niache nitazame kitambaa."

Batuli alizaliwa hapo hapo mjini, mji ambao Wakisii wa vijijini waliuita Getembe, kwenye nyumba za mabati nyuma ya soko. Baba yake, Aden, alikuwa mfanyabiashara wa ngozi aliyetoka kaskazini na mifugo, akaipenda baridi ya milimani, hakurudi tena kwao. Mama yake alikuwa Mkisii wa upande wa Nyamira, na alipofariki, Batuli, ambaye hata meno ya utoto hayajamwisha, alichukuliwa na shangazi yake Samsam. Ndiyo maana Batuli alikuwa na lugha zote: Kiswahili cha mjini, Kikisii cha mama yake, na maneno ya shangazi ambayo majirani hawakuyaelewa ila waliyaogopa, kwa kuwa Samsam hakujua kusema kwa sauti ndogo.

Samsam alikuwa na cherehani ya kukanyaga, na juu ya cherehani hiyo Batuli alikua. Ila kilichomtia taabuni tangu utotoni kilikuwa tabia yake ya kufumua. Akiona kitu kimeshonwa vizuri, vidole vilimwasha. Aliwahi kulifumua koti la baba yake, lile la kuendea msikitini Ijumaa, ili aone bega limekaaje ndani bila kuvimba. Aden alipolikuta limetandazwa mkekani vipande vipande, alimchapa. Batuli alilia, akafuta machozi, akalishona upya usiku ule ule, na Ijumaa Aden akasimama safu ya mbele, bega limekaa kuliko mwanzo. Njiani kurudi nyumbani alimnunulia visheti. 

Sasa alikuwa mwanamke mzima, mama wa mtoto mmoja, Dahabo, na baraza lake la kushonea lilijulikana. Walimu wa kike walikuja kwake, na wake za makarani, na akina mama wa vijijini waliotaka nguo za kuendea kanisani. Dari ya gari hakuwahi kuishika.

Kabla hajapata nafasi ya kulitazama gari hilo, habari ya Ogembo ilifika mjini. Ilipitia kwa wachuuzi wa ndizi, na kila aliyeipokea aliiongezea mende. Bosibori ndiye aliyemletea Batuli upande wake mbaya zaidi. Bosibori alikuwa mkulima kutoka chini ya kilima cha Nyanchwa, rafiki wa Batuli tangu siku alipoleta kitambaa cha kushonewa na wakagundua kwamba mama zao walichota maji kwenye mto mmoja. Binti yake Gesare alikuwa ameposwa na mwalimu kijana wa Keroka aitwaye Nyasani, na harusi yao ilikuwa imekaribia. Jaffer alikuwa ameahidiwa kazi ya kumpeleka bibi arusi.

Bosibori alitua mkungu wake wa ndizi barazani, akaketi bila kukaribishwa kama ilivyokuwa desturi yao.

"Mama Dahabo, mimi nakuja na habari mbaya," alisema. "Mzee wangu amekataa. Abner amesema hii gari yenu isikanyage boma yake. Amesema Gesare ataenda na lori ya mahindi, wataiosha waweke viti."

"Na Gesare amesema nini?"

"Atasema nini kwa baba yake? Amelala kitandani, ameangalia ukuta. Tangu jana."

Batuli alikiacha kitambaa alichokuwa akikikata. Gauni la Gesare lilikuwa limetundikwa nyuma yake, jeupe, alilishona kwa mikono yake mwenyewe, lasi shingoni na mikononi. Akaliona gauni hilo juu ya lori, kwenye vumbi la barabara ya Keroka, na Gesare ameshika ubao asianguke.

"Mwambie Mzee asikodi lori kwanza," alisema. "Dari inatengenezwa."

"Nani anatengeneza?"

"Mimi."

Bosibori alimtazama mikono. "Wewe, hii kitu utaweza?"

"Sijui," Batuli alijibu. "Lakini nitakujulisha."

Jioni hiyo Jaffer alimwambia kwamba fundi wa viti na dari za magari yuko Kisumu, na amejibu kuwa liletwe, liachwe kwake, likitoka ni baada ya Ramadhani. Harusi ingekuwa imepita zamani. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, Batuli alijifunga leso kichwani na nyingine kiunoni, akasema Bismillahi, akaingia garini na mkasi wake mdogo wa kufumulia.

Alilala chali kwenye kiti cha nyuma, akatazama juu. Kile kilichobaki cha dari kilikuwa kimening'inia kwa misumari midogo pembeni, na mahali Jaffer alipopaka gundi palikuwa pamekauka kama uji uliosahaulika. Juu yake, chini ya bati la paa, kulikuwa na fito za chuma zilizopinda kama upinde, zimekwenda kutoka ubavu huu hadi ubavu ule, moja nyuma ya nyingine. Kitambaa cha zamani kilikuwa bado kimeshika kwenye ufito mmoja. Batuli alikivuta karibu na macho yake. Upande wa ndani, mtu fulani huko ng'ambo alikuwa ameshona pindo jembamba, na ufito ulipita ndani ya pindo lile.

Akacheka kwa sauti, peke yake.

"Kuna nini humo?" Jaffer aliuliza kutoka nje.

"Baba Dahabo, hii ni pazia!"

"Pazia gani?"

"Pazia la dirisha. Unapitisha waya kwenye pindo, unatundika. Hawakugundisha chochote hapa juu, walitundika. Gundi ndiyo iliyoua, ile na uzito wake." Alitoa kichwa dirishani, leso imejaa vumbi. "Pazia najua kushona."

Akaanza kufumua, na hapo alikuwa nyumbani kwake. Alitoa misumari mmoja mmoja bila kuchana, akavitandaza vipande vya zamani juu ya mkeka uani, akavipanga kama alivyolipanga koti la baba yake. Alipofika kwenye fito aliona kwamba hazilingani. Nyingine ilikuwa ndefu, nyingine fupi, nyingine imepinda zaidi, kwa sababu paa la gari lina mgongo. Kwa hiyo kila ufito aliufunga uzi wa rangi yake: mwekundu kwa wa mbele, kisha wa kijani, kisha wa manjano, hivyo hivyo hadi nyuma. Akaziegemeza ukutani, akaenda kuswali adhuhuri.

Aliporudi, fito zilikuwa zinang'aa. Jaffer alikuwa amechuchumaa kando yake na msasa mkononi, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu Ogembo alikuwa anatabasamu.

"Zilikuwa na kutu," alisema. "Nimezisugua zote."

"Na nyuzi ziko wapi?"

"Nyuzi?"

"Nyuzi, Baba Dahabo. Nilizozifunga."

Jaffer alitazama chini. Nyuzi zilikuwa hapo miguuni, zimechanganyika na unga wa kutu, nyekundu na kijani na manjano. Tabasamu lilimtoka. Batuli alifumba macho, akahesabu pumzi zake, na maneno ya shangazi Samsam yakamjia mdomoni. Akayameza. Mtu huyu alikuwa ameona aibu ya kutosha mwezi huo.

"Ingia ndani," alimwambia. "Nitakupa ufito, wewe ujaribu kwenye matundu. Usiokaa, unanirudishia."

Walijaribu mpaka alasiri. Ufito mrefu ukiwekwa mbele ulichomoka na kumpiga Jaffer kidevuni; mfupi ukiwekwa katikati ulilegea. Mwishowe kila mmoja ulipata mahali pake na kukaa kwa mlio mdogo, tap, kama mlango unaofungwa vizuri. Safari hii Batuli alichora alama kwa msumari kwenye chuma chenyewe.

Kabla ya kukata kitambaa kipya, alitaka kujua jambo moja. Kitambaa kinazeeka, sawa, lakini huu ukungu ulitoka wapi? Akamwomba Jaffer amwage maji juu ya paa, yeye akae ndani. Jaffer alipanda kwenye kiti na debe. Maji yalipiga bati juu ya kichwa cha Batuli kwa kishindo, na muda si muda akaliona tone. Lilitokea pembeni, juu ya mlango wa nyuma, pale mferejini ambapo mabati mawili yalikutana. Likafuata jingine, kisha ukawa uzi wa maji.

"Ni hapa!" alipiga kelele. "Gari linavuja, Baba Dahabo! Tungeweka hata hariri, ingeoza!"

Hiyo ilikuwa kazi ya Jaffer, na aliifanya kama mtu aliyerudishiwa heshima. Alikwangua kutu yote mferejini hadi chuma cheupe, akayeyusha lami ya kuzibia mabati juu ya jiko, akaipaka kwa kijiti, tabaka juu ya tabaka, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Wakamwaga maji tena. Batuli alikaa ndani mpaka shingo ikamuuma, mkono umekunjuliwa pale pale juu ya mlango. Mkono ulibaki mkavu.

Kitambaa alikichagua mwenyewe dukani: amerikani nzito, ile ambayo haijapaushwa, yenye rangi ya maziwa. Shangazi Samsam alikuja kuona kinachoendelea, akaketi kwenye kigoda uani na maoni yake.

"Hujailoweka," alisema. "Amerikani mbichi unaikata bila kuiloweka? Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Hapana, shangazi."

"Itarudi. Ikipata maji mara moja tu, itarudi, ipungue!"

"Ndiyo ninavyotaka, shangazi. Irudi ikiwa juu."

Samsam alichukua kipande kimoja, akakivuta kwa vidole, akakubali. Hilo halikutokea mara nyingi.

Batuli alitumia vipande vya zamani kama kipimo, akaongeza nafasi ya vidole pande zote, akashona mapindo ya kupitishia fito. Akapitisha, wakaingiza, na ilikuwa mbaya. Dari ilijikunja kila mahali, mikunjo mikubwa kati ya ufito na ufito kama shuka la mtu aliyelala vibaya. Jaffer alisema haionekani sana. Batuli alikaa ndani ya gari mpaka giza likaingia, akipapasa mikunjo kwa ncha za vidole, na ndipo akaelewa. Kile kitambaa cha zamani kilikuwa kimevutika kwa miaka mingi kikining'inia. Alikuwa amempima mzee ili amvishe kijana. Mapindo yake yalikuwa yameachana mno.

Alifumua yote. Juma zima alikuwa ameshona magauni ya wateja mchana na dari jioni, na macho yalikuwa yamemwiva, lakini alifumua bila kinyongo, akasogeza kila pindo upana wa kidole, akashona tena. Ilipofika siku ya kutundika alimwita Bosibori, kwa sababu mikono minne ilihitajika ndani na miwili nje. Bosibori aliacha jembe akaja. Walianza nyuma, kwenye kioo, wakaja mbele ufito kwa ufito. Bosibori alikuwa anavuta, kwa mikono iliyozoea kung'oa magugu, Batuli anashika, Jaffer anapiga misumari midogo kwenye mbao za pembeni.

"Vuta, Mama Gesare."

"Navuta."

"Usivute kama unakamua ng'ombe. Vuta kama unatandika kitanda cha mkwe."

Bosibori alicheka mpaka akaachia, wakaanza upya.

Mikunjo mikubwa iliisha. Ilibaki midogo, ile ya pembeni, na hapo Batuli akaleta beseni la maji safi na kitambaa laini. Akalowesha dari yote, kutoka nyuma hadi mbele, mpaka ikawa na rangi ya chai. Jaffer alishika kichwa. Kumwagia maji kitu ambacho wamehangaika nacho hivyo! Batuli alimwambia alisogeze gari juani, katikati ya uwanja, afungue madirisha yote na asiguse kitu.

Walikaa barazani wakilitazama, watu wazima watatu na Samsam, kama wanaongoja mkate uive. Jua lilikuwa kali, jua lile la kabla ya mvua.  Baada ya alasiri Batuli alikwenda, akafungua mlango, akaingiza mkono. Akapiga dari kwa vidole.

Ililia kama ngoma.

Ilikuwa imevutika yote, kutoka kona hadi kona, laini, rangi ya maziwa, haina mkunjo hata mmoja. Batuli alirudi nyuma hatua chache. Kisha akaingia tena, akalala chali kwenye kiti cha nyuma vile alivyolala siku ya kwanza, akaitazama. Moyo ulimjaa hata akashindwa kuita watu. Walikuja wenyewe. Bosibori aliingiza kichwa kwenye dirisha, akatazama juu, akasema kwa Kikisii, "Mbuya mono," yaani nzuri sana, kisha akapiga kigelegele kimoja kirefu ambacho kilileta majirani.

Lakini Abner alikuwa bado hajaona, na Abner hakuwa mtu wa kusadiki maneno ya mkewe na rafiki zake. Alikuja Ijumaa mchana, kabla ya Sabato kuingia, na koti lake zito na kofia yake, mwenye sauti ya mzee wa kanisa aliyezoea kusikilizwa. Alilizunguka gari. Akaingiza mkono, akaisukuma dari kwa kiganja. Akaivuta kwa vidole.

"Ni nzuri," alisema. "Ile ya Ogembo pia ilikuwa nzuri asubuhi, sivyo? Na hii ni miezi ya mvua. Ikinyesha?"

Jaffer alianza kueleza habari ya lami. Batuli alimgusa mkono.

"Mzee Abner," alisema kwa heshima, kwa Kikisii, ili asikie vizuri, "tafadhali ingia ukae pale bibi arusi atakapokaa. Tutafunga madirisha. Sisi tutaleta mvua."

Abner alimtazama kuona kama ni mzaha. Bosibori, aliyesimama nyuma yake, aliangalia pembeni ili asionekane uso wake. Majirani walikuwa wameshaanza kukusanyika, na mzee wa kanisa hawezi kukimbia maji mbele ya mji mzima. Akavua kofia, akaingia, akaketi wima katikati ya kiti cha nyuma, kofia magotini.

Jaffer alipanda juu ya kiti. Batuli alimpa debe la kwanza, Bosibori akaleta la pili, na majirani, walipoona mchezo ulivyo, wakaanza kupokezana kutoka kwenye bomba la maji. Maji yalimiminika juu ya paa, yakashuka vioo vyote, yakafanya tope uwanjani. Ndani, kupitia kioo, Abner alionekana amekaa kama picha ya studio. Alitazama juu. Akatazama pembeni. Mara moja alitoa kitambaa chake cha mfukoni akakiweka juu ya mlango wa nyuma, pale pale palipokuwa na tatizo. 

"Tosha," alisema mwishowe.

Abner alishuka. Alikunjua kitambaa chake mbele ya watu, akakishika juani kwa mikono miwili, akakigeuza upande huu na huu. Kilikuwa kikavu. Akakikunja, akakirudisha mfukoni bila haraka.

"Lori ni la mahindi," alisema. "Gesare ataenda na gari."

Uwanja ulilipuka. Mtu alimmwagia Jaffer debe zima kichwani kwa furaha, na Jaffer, mwenye viatu vyake vya kung'aa, hakujali. Samsam alikuwa anamweleza kila aliyesimama karibu, kwa sauti yake ile, kwamba amerikani ile ilikatwa mbichi kwa makusudi.

Jumapili, Gesare alishuka kutoka kanisani, kilimani Nyanchwa, akiwa ameshavishwa pete, amevaa gauni la Batuli, akaketi chini ya dari ya Batuli na mumewe Nyasani ubavuni. Jaffer alishika usukani. Batuli mwenyewe alikaa mbele, kwa kuwa Gesare alikuwa ameapa hataingia bila yeye, na magotini alikuwa na sindano na uzi endapo lasi ingechanika. Nyuma yao lilikuja lile lori la mahindi, limejaa waimbaji na jamaa.

Hawajafika nusu ya njia ya Keroka, mbingu zikafunguka. Haikuwa mvua ya kawaida, ilikuwa mvua ya mawe, ile inayopasua majani ya migomba na kupiga mabati mpaka watu wasisikilizane. Barabara ikawa nyeupe. Jaffer alipunguza mwendo hata lori likawapita, mikono yake imekaza usukani, na Batuli akageuka nyuma. Hakumtazama bibi arusi. Alitazama juu.

"Mama Dahabo," Gesare alisema, akipaza sauti juu ya kishindo, "kwani unaogopa? Mimi siogopi." Na akaegemeza kichwa chake nyuma, shela na yote, hadi likagusa dari.

Walipoingia Keroka mvua ilikuwa imepita na jua limetoka. Lori lilifika kwanza, na watu wake walishuka wakitiririka maji, kofia za akina mama zimelala, mwalimu wa kwaya akikamua koti lake. Kisha gari jeusi likasimama. Jaffer alishuka, akazunguka, akashika kitasa cha mlango wa nyuma. Batuli aliona mkono wake ukisita, kitambo kidogo tu, halafu akafungua.

Gesare alitoka akiwa mkavu na mweupe kama alivyovishwa. Jamaa za Nyasani, ambao walikuwa wamejiandaa kwa taulo na mablanketi, walivitua chini. Kisha vigelegele vikaanza upande wa jikoni, vikashika uwanja mzima, vikaenda hadi sokoni ambako watu walitoka kuuliza kuna nini. Akina mama walimzunguka bibi arusi wakigusa gauni, kisha wakaingiza vichwa garini mmoja baada ya mwingine, wakigusa na dari.

"Nani amefanya hii?" bibi mmoja mzee alimwuliza Jaffer. "Ni Mzungu?"

"Ni mke wangu," Jaffer alisema, na alisema kwa sauti ambayo hata Samsam angeikubali. "Yule pale. Batuli binti Aden."

Bibi mzee alikuja mpaka mbele ya Batuli, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu akaviangalia, kama mtu anayetafuta ni wapi kilipofichwa kitu kile. Akamwombea kwa Mungu wa kwake, na Batuli akaitikia amina.

Kabla ya msimu huo kwisha, Jaffer alipeleka maharusi Ogembo tena, familia ile ile iliyokuwa imemkasirikia, mdogo wa yule bibi arusi wa kwanza. Alikula na kushiba kabla ya kuondoka. Barazani kwa Batuli palianza kuonekana vitu ambavyo havikuwa magauni: viti vya gari la daktari, pazia la basi la Nyamira, hema la mhubiri. Alikubali kila kimoja kwa jibu lile lile, kwamba hajui lakini atamjulisha mteja, kisha akakifumua. Mwaka uliofuata alimwambia Jaffer amfundishe kuendesha, kwa sababu amechoka kungojea aletewe magari. Jaffer alikohoa, akasema mwanamke wa Kiislamu kuendesha gari Kisii, watu watasema nini?

"Watasogea kando ya barabara," Batuli alisema.

Na walisogea.